GARI LINAVUTA KUSHOTO, LAWAMA ZINAVUTA KWA DEREVA

Kuna kijana mmoja wa Tabata, jina lake libaki huko huko Tabata, ambaye wiki moja tu ilibaki kidogo imnyang'anye jasho la miezi 17. Hakuiba, hakulewa, hakugonga mtu. Ni kwamba gari analoendesha lilianza kuvuta kushoto.

Wanaoendesha magari ya mkataba wameshaelewa. Kwa ambao hawajui, mkataba uko hivi: mwenye gari anakukabidhi gari, unapiga kazi, kila wiki unapeleka hesabu, na muda mliokubaliana ukiisha bila deni, kadi inabadilishwa jina, gari linakuwa lako. Kijana huyu alipewa Toyota IST na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge. Hesabu laki moja na nusu kila Jumamosi, kwa miezi 24. Hakuna sikukuu, hakuna kuumwa. Miezi 17 alishaimaliza, imebaki 7, na mkewe alishaanza kuliita "gari letu" akiongea na majirani.

Sasa mkataba ule ulikuwa na kipengele kimoja kilichoandikwa chini kabisa, karibu na sahihi: dereva akiligonga gari na kuficha, mkataba umevunjika na hakuna kurudishiwa chochote. Kipengele hicho kijana alikuwa anakijua kwa kichwa kama namba yake ya simu.

Alhamisi asubuhi amebeba abiria kutoka Segerea kwenda Mwenge. Alipoingia Mandela Road na kukanyaga mafuta kidogo, akaona gari linakwenda kushoto lenyewe. Akalirudisha. Likaenda tena. Yaani ukilegeza mkono tu, ni kama kuna mtu amelishika sikio analivuta pembeni. Mpaka anafika Ubungo mkono wa kulia ulishaanza kuuma.

Kwanza akasema ni barabara. Na hapo hakuwa mjinga, kwa sababu barabara zetu za lami zimejengwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo tunatembea kwenye mteremko wa kushoto muda wote, na gari zima kabisa linaweza kusogea kushoto polepole ukiliachia usukani. Ila kusogea ni tofauti na kuvuta. Hili lilikuwa linavuta.

Akaenda kwa fundi pancha, akapima upepo. Tairi lenye upepo mdogo huvuta gari upande wake, na hicho ndicho kitu cha kwanza na cha bei rahisi kuliko vyote kukagua. Upepo ulikuwa sawa pande zote, kama kibandiko cha kwenye mlango wa dereva kinavyoelekeza.

Basi akafanya wanachofanya wengi. Akaenda kupiga alaimenti.

Elfu 30 ikatoka. Gari likapandishwa, vile vifaa vikafungwa kwenye rimu, kompyuta ikasoma. Mguu wa mbele kushoto ukaonyesha nyekundu. Fundi akaingia chini na spana, akazungusha, nyekundu ikageuka kijani. Kijana akapewa karatasi yenye picha mbili, kabla na baada. Usukani, ambao kwa wiki kadhaa ulikuwa umekaa kombo kidogo, sasa ukawa umenyooka safi. Kuhusu ile nyekundu, fundi aliuliza, "Bro, uliingia shimo?" Kijana akasema hapana. Karatasi akaikunja akaitupia kwenye dashibodi.

Kutoka pale getini, mita 200 tu, gari likaenda kushoto.

Akarudi. Wakapima tena, kijani tupu. "Gari yako nzima, bro. Barabara ndiyo mbovu." Akaenda gereji nyingine, huko akaambiwa raki ya sterling imekufa, alete laki nne na nusu. Siku hiyo mfukoni alikuwa na elfu 22, na kesho yake ni siku ya hesabu.

Jumamosi ikafika. Hesabu akaipata kwa kukopa elfu 40 kwa jamaa yake wa kijiweni, akaipeleka. Kwa bahati mbaya mama alikuwa na kitchen party Sinza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tena umekuja vizuri, nipeleke Sinza."

Mama akakaa nyuma na vitenge vyake. Mbele akakaa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kila kinachohusu gari lile huwa ni yeye: bima yeye, matairi yeye, hata mkataba aliuandika yeye. Hawajafika mbali mama akauliza, "Mbona umeushika huo usukani kama unavuta ng'ombe?"

Kijana akacheka cheka. Shemeji hakucheka. Alikuwa ameshafungua dashibodi anatafuta tishu, mkono ukatoka na karatasi.

"Shemeji, ebu ona hii. Nyekundu. Mguu wa kushoto. Gari hili limegongwa."

Asikwambie mtu, hakuna kimya kibaya kama kimya cha ndani ya gari lako ambalo si lako. Walifika Sinza bila mtu kuongea. Mama alipokuwa anashuka ndipo akasema, taratibu kabisa, "Mwanangu, umeligonga wapi gari langu?"

"Sijaligonga, mama."

"Nakupa mpaka Jumatano. Uje na ukweli, au uje na funguo."

Jumatatu saa moja asubuhi kijana alikuwa Buguruni, kwa mzee mmoja fundi ambaye gereji yake ni mwembe, jeki mbili na benchi la mbao. Alielekezwa na dereva mwenzake, akaambiwa yule mzee ana maneno mengi, ila ukivumilia utapona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari inaumwa nini?"

"Inataka alaimenti, mzee. Wamepiga vibaya."

"Sijakuuliza dawa. Nimekuuliza ugonjwa."

Kijana akaanza upya. Inavuta kushoto. Mzee akakaa kwenye benchi, akaanza kumhoji kama daktari wa zamani, wa enzi zile ambazo daktari alikuwa anakusikiliza kabla hajashika kalamu.

Inavuta muda wote, au ukishika breki tu? Kwa sababu ikivuta kwenye breki tu, tatizo litafute kwenye breki, upande mmoja unashika kuliko mwingine. Muda wote, mzee.

Inavuta upande mmoja siku zote, au inafuata upande uliokata kona mwisho? Ukikata kulia ikabaki inataka kulia, ukikata kushoto ikabaki inataka kushoto, kuna kitu kimekaza, boljointi au beringi ya juu ya shokapu. Hapana mzee, kushoto tu.

Usukani unatetemeka? Hautetemeki. Basi balansi tuiache.

Ikienda moja kwa moja, nembo ya usukani imekaa sawa? Kwa sasa imekaa sawa, kabla ya alaimenti ilikuwa kombo.

Mzee akanyanyua kidole. "Hapo pashike. Usukani kukaa kombo ni jambo moja, gari kuvuta ni jambo lingine. Watu wanayachanganya."

Akaeleza. Kwenye IST, kitu ambacho fundi wa alaimenti anarekebisha kwa spana ni namna tairi mbili za mbele zinavyotazamana, kama zimenyooka, zimekutanisha pua au zimeachana. Hiyo ikiharibika, tairi zinalika vibaya na usukani unakaa upande, lakini gari lenyewe kwa kawaida linaenda moja kwa moja. Kuvuta kunatoka kwingine: tairi kulalia ndani au nje tofauti na mwenzake, mguu kurudi nyuma baada ya kugonga kitu kizito, breki isiyoachia, upepo, au tairi lenyewe. Kama kompyuta imesoma miguu yote iko sawa, hesabu imepungua. Zimebaki breki na tairi.

Wakaenda kuzunguka kidogo, mzee akiwa ameketi mbele, akimwambia asishike breki bila sababu. Waliporudi, mzee akapitisha mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Kushoto na kulia joto lile lile. Breki ingekuwa inakwaruza muda wote, upande ule ungekuwa unaunguza. Breki nazo zikatoka kwenye orodha.

Jeki ikaingia. Mzee akalishika tairi la kushoto juu na chini, akalitikisa. Kimya. Akalishika kushoto na kulia, akalitikisa. Kimya. Akachungulia ndani na tochi ya simu, akakaa muda mrefu kidogo.

"Hii tairodi endi mpya nani kaiweka?"

Kijana akaangalia chini.

Ukweli ukatoka pale chini ya mwembe. Mwezi mmoja nyuma, usiku wa mvua, huko Segerea, aliingia kwenye shimo lililojaa maji, mguu wa kushoto. Hakugonga mtu wala gari. Ila tairodi endi ilipinda. Kesho yake alikwenda Gerezani akanunua nyingine elfu 35, akafungiwa na fundi wa barabarani aliyekadiria kwa macho, na tangu siku hiyo usukani ukawa kombo. Mama hakuambiwa. Kipengele cha chini kabisa kilikuwa kinamzunguka kichwani.

"Sasa hiyo ndiyo nyekundu yako ya kwenye karatasi," mzee akasema. "Na imeshapona, wamekunyooshea. Hilo shimo halivuti gari leo. Imeanza lini kuvuta?"

"Alhamisi."

"Jumatano ulifanya nini?"

Kijana akafikiri. Jumatano alikwenda kanisani jioni. Jumatano aliosha gari. Jumatano... "Nilifungiwa matairi ya mbele, mzee. Mapya. Aliniletea shemeji wa mama."

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Akakagua ubavuni kama tairi zile zina mshale wa kuonyesha zizunguke upande gani, maana zenye mshale huwezi kuzihamisha upande hivi hivi. Hazikuwa na mshale. Basi akalitoa la kushoto akalipeleka kulia, la kulia akalileta kushoto. Hakugusa kingine chochote. "Haya, nenda mpaka mwisho wa barabara urudi."

Kijana akaenda. Alivyolegeza mkono, gari likaenda kulia.

Waliokuwa kwenye kibanda cha chipsi wanasema walimwona mtu anacheka peke yake ndani ya gari kama mwehu. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na tairi. Siku tano za mateso, elfu 30 ya alaimenti, laki nne na nusu ya raki iliyobaki kidogo aikope, kumbe jibu lilikuwa nati nne kila upande.

Kwa nini kompyuta haikuona? Kwa sababu kompyuta inapima miguu ya gari, haipimi moyo wa tairi. Ndani ya tairi kuna nyaya za chuma zilizolala kama mkanda. Mkanda ule ukikaa vibaya au ukisogea, tairi linaviringika kama vile upande mmoja ni mpana na mwingine mwembamba. Chukua kikombe cha plastiki, kile cha chini chembamba juu kipana, kilaze mezani ukisukume. Hakiendi mbele, kinakata kona. Tairi likiwa hivyo litavuta gari hata kama miguu yote imenyooka kama rula.

Mzee akalilaza chini tairi lile, akapitisha viganja. Upande wa ndani, ambao mtu akisimama pembeni ya gari hauoni, kulikuwa na nundu ndogo. Kisha akamwonyesha tarakimu nne za mwisho ubavuni, ndani ya kiduara: 1413. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 14, mwaka 2013. Tairi la pili lilisomeka 0821. Chapa moja, maua yale yale, yote yamepakwa dawa ya kung'arisha mpaka yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Mtumba wa miaka hiyo yote umeingia kwa jina la mpya.

"Lingekuwa halina nundu na umri wake mdogo, ningekupelekea nyuma, huko halisumbui usukani," mzee akasema. "Ila hili usilipeleke popote. Likipasuka na abiria ndani, hakuna kipengele cha mkataba kitakachokusaidia."

Wakafunga tairi la akiba. Gari likatembea moja kwa moja. Mzee alichukua elfu 15 na soda.

Ungedhani kisa kimeishia hapo. Hapana, sehemu ngumu ndiyo ilikuwa inaanza.

Maana sasa kijana alikuwa na ushindi mkononi. Tairi bovu limeletwa na shemeji. Akienda na tairi tu, anasafishika, shemeji anaumbuka, na shimo la Segerea linabaki siri yake na mzee wa Buguruni. Jumanne usiku akamweleza mkewe mpango huo. Mkewe alikuwa anakunja nguo za mtoto, hakuinua hata uso.

"Ile karatasi yenye nyekundu anayo nani?"

"Shemeji."

"Basi ukienda na nusu ya ukweli, nusu nyingine atailetea yeye."

Jumatano kijana aliingia sebuleni kwa mama akiwa amebeba tairi begani. Shikamoo mama, marahaba. Akaweka funguo mezani kwanza. Kisha akalaza tairi sakafuni juu ya gazeti. Shemeji alikuwepo, anakunywa chai.

Kijana akaanza na shimo. Usiku gani, wapi, kilichopinda nini, alinunua wapi, kwa bei gani. Akaeleza ile nyekundu. Shemeji akadakia, "Si nilisema!" Mama akamnyooshea kiganja, subiri. Kijana akaendelea na Jumatano ya matairi, akaeleza walivyobadilisha upande na gari likabadilisha upande, akamwomba mama ainame asome mwenyewe zile tarakimu nne.

Mama akavaa miwani. Akasoma. Akauliza maana yake, akaelezwa. Akamgeukia shemeji.

"Ile hela niliyokupa ilikuwa ya matairi mapya mawili. Au nilikosea kuhesabu?"

Simu ya shemeji ikaita ghafla, japo hakuna mwingine aliyesikia mlio. Akatoka nje kuipokea na hakurudi kumalizia chai.

Mama akabaki analiangalia tairi. Halafu akauliza, "Hiyo tairodi uliinunua kwa hela ipi?"

"Ya nyumbani, mama. Wiki ile tulishinda kwa dagaa."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Kijana akaomba nakala ya mkataba, akaweka kidole kwenye kipengele cha chini. Mama akakisoma polepole kama vile anakiona siku hiyo. Kinasema dereva akificha atafanywa nini. Hakisemi akiongea atafanywa nini. Mtu anayesoma sentensi ile saa sita usiku, mguu wa gari umepinda na mvua inanyesha, anaona mlango mmoja tu.

Hakuuchana ule mkataba kama kwenye filamu. Huyo ni mfanyabiashara, hachani karatasi. Alichukua kalamu akaongeza mstari kwa mkono: dereva akitoa taarifa siku hiyo hiyo, matengenezo ni nusu kwa nusu. Wakasaini wote wawili. Kisha akatoa hukumu yake: "Shimo ni lako, kwa sababu hukusema. Alaimenti ni yako, imetokana na shimo. Tairi ni langu. Na kuanzia leo matairi utakwenda kununua wewe, uniletee risiti na picha ya hizo namba." Akamrudishia funguo.

Leo imebaki miezi 6. Gari linatembea moja kwa moja, likisogea kushoto ni ule mgongo wa barabara tu.

Wenye magari, kabla hujamshika dereva shati, muulize maswali ya yule mzee. Inavuta saa ngapi, imeanza lini, siku moja kabla kiliguswa nini. Anza na vya bure: upepo, joto la rimu, kubadilishana tairi za mbele. Halafu ndio uende kwenye kompyuta. Na madereva, kitu kikipinda usiku, kiseme asubuhi, maana kuna siku kitasemwa na karatasi ndani ya dashibodi, na karatasi haijui kukutetea.

Haya wadau, swali ni hili: ungekuwa wewe ndiye yule kijana, umeshika tairi la 2013 mkononi na ushindi ni wako, lile shimo la Segerea ungelitaja? Na wewe mwenye gari, ungemrudishia funguo? Dondosha maoni yako hapo chini, bila matusi.